Mzigo Mweupe wa Iguguno

Mwezi huu nimeweka pembeni barua zenu zote, ikiwemo ya yule dada wa Mbeya anayeuliza kama ni sawa mume kulala na simu chini ya mto. Dada, jibu lako linakuja, vumilia kidogo. Leo nawapa ya kwangu, maana kuna wenzangu wanadhani mtu anayeandika ukurasa huu kwake ni asali tupu. Asali ipo. Ila katikati ya mwaka 2025 nusura nivunje ndoa yangu kwa sababu ya vipande vya plastiki.

Wasomaji wa siku nyingi mnajua kwamba mume wangu ni bwana shamba. Kituo chake cha kazi ni Iguguno, mkoani Singida, kwao kabisa alikozaliwa. Kama hupajui, toka Singida mjini ufuate lami ya kwenda Nzega, utapita katikati yake. Ni wilaya ya Mkalama, ile iliyomegwa kutoka Iramba mwaka 2012. Alizeti, vitunguu, kuku wa kienyeji, mawe makubwa kama nyumba, na upepo. Huo upepo nitauongelea baadaye. Mimi na binti yetu tuko Dar, kwa sababu kazi yangu ya mchana, ile inayolipa kodi ya nyumba, ni uhasibu, na ofisi yetu haina tawi kwenye mashamba ya alizeti.

Basi tunaishi hivyo, mapenzi ya simu na likizo. Tuna kibubu chetu cha pamoja benki kwa ajili ya msingi wa nyumba Kibaha. Makubaliano ni kila mmoja anaweka Sh 200,000 kwa mwezi. Kuanzia Novemba 2024 mwenzangu akawa anaweka Sh 120,000. Nikauliza, akasema maisha yamepanda. Nikakubali, nani asiyejua kama maisha yamepanda? Lakini mhasibu ni mhasibu. Ile elfu themanini niliiandika pembeni, mwezi wa kwanza, wa pili, wa tatu, mpaka ikafika minane. Laki sita na arobaini.

Juni akaja Dar kwenye harusi ya mdogo wangu. Yuko bafuni anaimba, simu yake ikawaka mezani. Jina lililotokea ni "Mzigo", halafu ujumbe: "Baba mzigo wako umefika leo, mweupe vile unavyopenda. Wahi kabla sijampa mwingine."

Jamani. Mweupe vile unavyopenda! Mimi ni mweusi wa kung'aa, na siku ya kwanza kunitongoza huyu bwana alisema rangi yangu ndiyo iliyomchanganya. Niliishiwa nguvu, nikakaa kitandani. Na hapa lazima niseme ukweli, maana nimeshaandika humu mara ngapi kwamba simu ya mwenzio usiiguse. Niliigusa. Huyo Mzigo alikuwa ametumiwa pesa mara nane, mwezi kwa mwezi, na jina lililosajiliwa lilikuwa la kike.

Sikusema kitu. Nilivaa gauni langu la harusi, nikacheka kwenye picha, nikacheza muziki. Jumatatu akapanda basi kurudi kazini. Nilipokuwa nafua suruali aliyoiacha nikakuta risiti ya duka la dawa la Singida: chupa sita za haidrojeni peroksaidi. Nikampigia shoga yangu mwenye saluni. Akanyamaza kidogo, akasema, "Shosti, hiyo ndiyo dawa wanayotumia wanaotaka nywele zao ziwe rangi ya dhahabu." Kwa hiyo sasa hawara akawa mweupe na nywele za dhahabu. Picha kamili ninayo kichwani. Nilimpa mpaka gari dogo jekundu.

Julai nikaomba ruhusa siku tatu, binti nikampeleka kwa bibi yake, nikaondoka bila kumwambia mtu. Treni ya umeme mpaka Dodoma, halafu basi: Manyoni, Ikungi, Singida mjini, halafu nyingine mpaka Iguguno. Ile safari niliipanga kama askari. Nilikuwa na hotuba ya kurasa tatu, na ilikuwa nzuri, nasikitika hamkuisikia.

Nilifika saa kumi na mbili jioni. Julai kule kuna baridi, na upepo unakupuliza mchanga mpaka kwenye meno. Mama mwenye nyumba akanipokea vizuri, karibu mkamwana, pole na safari, halafu akaongeza kwa sauti ya chini, "Yumo ndani na vyake. Siku hizi hatoki. Tunaona taa tu mpaka saa sita." Nikasema moyoni, ahsante mama, umenipa ushahidi.

Nikafungua mlango bila kubisha.

Mume wangu alikuwa amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, amevaa koti la kazi na taa ya kichwani, ile ya wachimbaji. Mbele yake mlango mzima wa mbao umelazwa juu ya matofali ya kuchoma ukawa meza. Juu ya meza sahani za plastiki zaidi ya ishirini, na kila sahani imejaa vipande vidogo vidogo vya plastiki vyenye vinundu juu. Vyeupe huku, vya bluu kule, vya kijivu pembeni. Dirishani mtungi wa kioo umejaa maji yenye povu dogo dogo na vitofali ndani yake. Na katikati ya meza kitu kirefu cheupe, chenye meno mawili mbele kama uma, na mabawa.

Tukaangaliana. Akasema, "Mama watoto, naweza kueleza." Sentensi ileile ambayo wanaume wote wanaisema mkiwakuta!

"Yuko wapi?" nikauliza.

"Nani?"

"Huyo mweupe."

Akaangalia meza yake, akaniangalia mimi, akaonyesha kile kitu kwa kidole. "Huyu hapa."

Ningependa kuwaambia kwamba nilicheka. Nilicheka, lakini wiki mbili baadaye. Pale pale nilipata nafuu ya kama dakika moja, halafu hasira ikaja kubwa kuliko niliyotoka nayo Dar. Kwa sababu pesa ilikuwa ileile. Laki sita na arobaini za msingi wa Kibaha zimelala kwenye sahani, ni midoli. Nikamwambia maneno mengi, mojawapo ni hili, na ninaliandika kwa aibu: "Afadhali ningekuta mwanamke, ningejua nagombana na nani." Hakujibu. Alizima taa ya kichwani, akaenda nje kukaa na upepo wake.

Usiku ule nililala kitandani, yeye alilala kwenye mkeka. Nilichungulia ile meza mara tatu.

Asubuhi mama mwenye nyumba akatuletea uji, maana kuta za kule si nene na alishasikia kila kitu. Tukanywa kimya. Halafu ndipo akaanza kueleza, na nitawapa kwa kifupi, ingawa yeye alichukua saa nzima.

Kile kitu ni chombo cha angani kinachoitwa Vic Viper. Kinatoka kwenye gemu linaloitwa Gradius, la kampuni ya Konami ya Japani. Lilitoka mwaka 1985 kwenye mashine kubwa za kumbi za michezo, na mwaka uliofuata likatoka la kuchezea nyumbani kwenye Famicom ya Nintendo. Huku kwetu Famicom halisi wengi hatukuiona, tuliona zile za kuigiza, na kaseti zilizoandikwa "9999 katika 1" halafu ukifungua unakuta gemu thelathini zinajirudia. Kaka zetu wote wanazijua. Mimi niliishia kwenye Mario.

Iguguno ya mwaka 2000 hivi, lami haijafika, kulikuwa na kibanda cha mabati kando ya barabara, TV ya nchi 14 isiyo na rangi, na jenereta nyuma. Sh 50, ukifa unampisha mwenzio. Mume wangu na kaka yake walikuwa wanauza mayai ya bibi yao kwa siri ili wapate hiyo hamsini. Kaka mtu ndiye fundi. Mdogo mtu anakaa nyuma ya bega lake, anamwambia adui anatokea wapi.

Gemu lenyewe ni gumu kuliko haki. Unaokota vidude vya nguvu, unachagua silaha chini ya kioo, na moja ya hizo imeandikwa OPTION. Ukiichukua inatokea duara ndogo inayokufuata. Ukipita juu nayo inapita juu, njia ileile uliyopita wewe. Ukipiga risasi nayo inapiga. Ukifa, kila kitu kinapotea, unarudishwa nyuma mikono mitupu, na adui ni walewale. Hata mtu aliyelihamishia gemu kwenye Famicom, Mjapani Kazuhisa Hashimoto aliyefariki mwaka 2020, alishindwa kulimaliza alipokuwa analijaribu. Akajiwekea njia ya mkato: simamisha gemu, bonyeza juu juu, chini chini, kushoto kulia, kushoto kulia, B, A, unapewa karibu silaha zote. Ile njia ikabaki ndani ya kaseti, ikasambaa dunia nzima, ikafika mpaka kwenye kibanda cha Iguguno, ambako kaka mtu aliinunua kutoka kwa dereva wa lori kwa kuku mmoja. Kuku wa Singida kabisa! Akaiandika kwenye jalada la daftari la hisabati.

Na kaka mtu akampa mdogo wake jina. Opsheni. Kijiji kizima kikajua, wapo watu wazima pale sokoni mpaka leo wanamwita Opsheni. Mimi nimeolewa mwaka wa kumi na sijawahi kuambiwa maana yake. Nilidhani ni jina la mpira.

Kaka mtu tulimzika Oktoba 2019. Ajali ya pikipiki. Nilikuwepo, nilipika matanga, nililia. Na kuna kitu ambacho sikukikumbuka mpaka mume wangu aliponikumbusha pale kwenye uji, bila ukali wowote, na hilo ndilo lililoniuma. Miezi miwili baada ya mazishi nilimkuta usiku wa manane sebuleni anacheza gemu la zamani kwenye simu. Nilikuwa na binti wa miezi sita, sijalala, nikamwambia, "Kaka ameshapumzika, na wewe mwache apumzike." Halafu nikarudi kulala. Yeye alisikia kwamba mlango umefungwa. Tangu siku hiyo hakunitajia tena kaka yake. Mimi, mtaalamu wa kurasa hizi, nilidhani amepona.

Sasa turudi mezani, maana kuna mambo pale yalinivutia, na kama huvumilii habari za ufundi ruka aya tatu, sitakasirika.

Vile vitofali mnavijua, LEGO. Vilianzia kwa seremala mmoja wa mji wa Billund kule Denmark, Ole Kirk Kristiansen, aliyeanza kutengeneza midoli ya mbao mwaka 1932. Kitofali cha plastiki kwa umbo hili la leo kiliombewa hataza Januari 1958, na ajabu yake ni kwamba cha mwaka huo na kilichotoka kiwandani juzi vinashikana bila tatizo. Ukichukua vitofali sita tu vya vinundu vinane, rangi moja, unaweza kuvipanga kwa njia zaidi ya milioni 915. Sasa chombo cha mume wangu hakiuzwi dukani na hakina karatasi ya maelekezo. Watu duniani wanajichorea wenyewe. Kuna programu ya kompyuta ya bure inaitwa Studio, ya BrickLink, soko la vitofali la kwenye intaneti lililoanza mwaka 2000 na kununuliwa na LEGO wenyewe mwaka 2019. Unajenga kwanza kwenye kompyuta, inakuhesabia unahitaji nini. Chake kilitaka vipande 1,862, urefu vinundu 72, ambavyo ni sentimita 57 na nukta sita, kwa sababu kutoka kinundu hadi kinundu ni milimita nane. Kuagiza ng'ambo ukiongeza usafirishaji na ushuru haiwezekani kwa mshahara wa bwana shamba. Ndipo akampata yule mama wa Karume, anayefungua marobota ya midoli ya mitumba kutoka Ulaya. Humo ndani vitofali vimo, vimechanganyika na vichwa vya wanasesere na magari yasiyo na magurudumu, vingine ni vya kuigiza ambavyo havibani vizuri. Anachambua, anauza kwa kilo, anapakia kwenye basi. Huyo ndiye Mzigo.

Peroksaidi je? Plastiki nyeupe ya zamani ikikaa juani inageuka njano kama meno ya mvuta sigara. Ukiiloweka kwenye ile dawa ya vidonda, ukaiweka juani saa kadhaa, weupe unarudi. Jua la Singida lipo la bure. Shoga yangu wa saluni alikosea kichwa tu, dawa alipatia.

Tatizo kubwa lilikuwa yale meno mawili ya mbele. Kila moja lina vinundu 30, linaning'inia hewani bila nguzo, na lilikuwa linainama na kukatika. Amelijenga mara nne. Nikamuuliza kwa nini viungo vya tabaka la juu vimekaa juu kabisa ya viungo vya tabaka la chini, mbona hata fundi wa ukuta hafanyi hivyo? Akaniangalia kama vile nimemwambia nampenda. Halafu kulikuwa na sehemu ya ubavuni ambako vitofali vinalala kwa ubavu, vinundu vinatazama nje, na pengo halikufungana. Nikachukua kalamu. Kibamba chembamba kina unene wa milimita 3.2. Vitano ni 16. Vinundu viwili ni 16. "Weka vitano, siyo vinne," nikamwambia. Akaweka. Pakafunga, kak! Jamani, nimefunga hesabu za mwaka za kampuni nzima sikuwahi kusikia raha ile.

Siwezi kuwadanganya kwamba hapo tukakumbatiana na mambo yakaisha. Mchana ule tuligombana tena, safari hii kwa sauti ya chini, na ilikuwa ngumu zaidi. Kwa sababu nilikuwa na hoja. Kibubu ni cha watu wawili. Kama angeniambia ningekataa? Akasema ndiyo, ungekataa. Nikafikiria, nikaona ndiyo, ningekataa, na ningetumia sentensi moja kali halafu ningeenda kulala. Lakini hilo bado halimpi ruhusa ya kunidanganya kwamba maisha yamepanda. Alikubali. Alisema aliona aibu, mtu mzima wa miaka 36, afisa, anawafundisha watu nafasi za kupandia alizeti, halafu usiku anachambua midoli. Alisema mwezi wa kwanza alitaka kuniambia, wa pili ikawa vigumu, wa tatu ikawa ni uongo tayari.

Mimi nikamwambia kuhusu gari dogo jekundu. Akacheka mpaka akakaa chini. Mimi bado sikucheka.

Tukaandikiana kwenye karatasi ya daftari. Kuanzia Agosti anarudisha kibubuni Sh 40,000 juu ya zile laki mbili zake, miezi kumi na sita. Chombo kinaendelea, lakini pesa ya vitofali inatoka kwenye posho zake za safari tu, na mimi naona risiti. Na jambo moja ambalo yeye aliliomba: nikimkuta yuko macho usiku, niulize kwanza. Nikasaini. Mama mwenye nyumba alitaka kuwa shahidi, tukamkatalia kwa heshima.

Kwa nini haraka yote hii? Novemba. Kumbe dunia ina watu wengi wa aina ya mume wangu. Kila Novemba wajenzi wa vitofali wa nchi mbalimbali wanajenga Vic Viper, kila mtu kwa namna yake, mradi liwe na meno mawili mbele, mabawa, na mkia uliosimama. Mmoja wa watu walioupa nguvu mchezo huo, Mmarekani, alifariki mwaka 2010 akiwa bado kijana, na tangu hapo wenzake wanaujengea mwezi huo kumkumbuka na yeye. Mume wangu alilisoma hilo usiku mmoja Novemba 2024. Ndiyo mwezi ule ule kibubu kilipoanza kupungua. Nimepiga hesabu nyingi maishani, hiyo sikuiona.

Jumapili kabla sijaondoka tulipanda kwenye mawe nyuma ya kijiji, upepo unavuma mpaka kitenge changu kikawa bendera. Akanionyesha jiwe moja refu lenye umbo la kichwa. Kwenye Gradius, hatua ya tatu, kuna vichwa vya mawe vinavyotema pete kutoka mdomoni, vile vya Kisiwa cha Pasaka. Kaka mtu alimwaminisha mdogo wake kwamba Wajapani walikuja Singida kuvipiga picha. Aliamini mpaka kidato cha pili. Alinisimulia hilo na mengine mengi, alikuwa anaongea kama bomba lililofunguliwa, na mimi nilikuwa najisemea kimya kimya, usimkatize, usimkatize, mhasibu wewe.

Kuna sehemu moja wataalamu wa ng'ambo watanuna wakiiona. Zile Option mbili zinazofuata chombo hakuzitengeneza kwa vitofali. Ni vizibo viwili vya rangi ya chungwa vya chupa za plastiki, kila kimoja kwenye waya mwembamba nyuma ya mkia. Nilipomuuliza kwa nini mbili wakati alikuwa peke yake nyuma ya bega la kaka, akasema moja ni yeye. Ya pili ni mtoto wa marehemu. Ana miaka tisa sasa, anaishi Kiomboi na mama yake, na Novemba hii atakuja Iguguno wiki nzima. Chombo ni chake. Akitaka kukibomoa ajenge gari la takataka, ruhusa anayo, ingawa mume wangu alipolisema hilo niliona koo lake linapanda na kushuka.

Nimerudi Dar. Agosti elfu arobaini ikaingia, Septemba ikaingia. Oktoba ikaingia na picha: meno yote mawili yamesimama, hayainami. Chini yake kaandika kwamba amebakiza vipande kumi na vinne tu, vile vyeupe vya mteremko vya kufungia pua, na kwamba posho ya safari imechelewa, hivyo pengine pua itabaki wazi, si neno.

Jumamosi moja, mwezi huohuo wa Oktoba, nikajikuta Karume. Nasema nikajikuta, ila nilipanda daladala kwa miguu yangu mwenyewe. Soko lile liliungua Januari 2022, na watu wake wakarudi, wamebanana kama kawaida, kelele kama kawaida. Niliuliza mara nne kabla sijampata. Hawara wangu mweupe ni mama wa miaka kama sitini, mnene, mweusi kunizidi, amevaa kofia ya kufuma, anakula mihogo. Nikamwonyesha picha ya kipande kwenye simu. Akaniangalia juu mpaka chini.

"Wewe ni wa Iguguno?"

"Ni mke wake."

"Ehee!" akafuta mikono. "Ndiye uliyesema viwe vitano?"

Sikujua nijibu nini. Akanisogezea kigoda na beseni, tukachambua wote, mimi na viatu vyangu vya ofisini. Saa mbili. Tulipata kumi na viwili. Vya kumi na tatu na kumi na nne alivitoa kwenye mfuko wa aproni yake, amevifunga kwenye kinailoni, akasema alikuwa amemwekea tangu Jumanne lakini baba wa watu hajapiga simu. Akasema Sh 7,000 vyote, nikasema elfu tano, tukakutana kwenye sita.

Nililipa taslimu, isije ikaonekana kwenye simu.